Bawabu Asiyejua Kusoma

Ikupa alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, akikoroga maharage jikoni, alipomwambia mama yake kwamba ameamua kufunguliwa. Hakugeuka. Alisema kama mtu anayetaja kwamba chumvi inakaribia kwisha.

"Nimeongea na Dokta Gwamaka. Amesema nafasi ipo. Umebaki wewe tu kukubali."

Tusekile aliweka kisu chini. Alikuwa akimenya ndizi, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Alimtazama mwanawe kwa nyuma: shingo nyembamba, mabega ya mtoto wa miaka sita, na sketi ya kidato cha tatu ambayo fundi aliikata na kuikata tena hadi ikabaki kama nguo ya mwanasesere. Ikupa alikuwa na miaka kumi na mitano.

"Gwamaka hana ruhusa ya kuongea na wewe mimi nisipokuwepo."

"Mimi ndiye niliyemfuata, Mama. Nilipita kwenye kituo chenu cha utafiti baada ya shule. Mlinzi wa getini alinipa biskuti, akaniuliza nimepotea kutoka nyumba gani."

Tusekile alitaka kucheka, kicheko kikagoma.

"Na jana," Ikupa aliendelea, bado mgongo ukiwa kwa mama yake, "Mbonile wa jirani alinibeba kunishusha kwenye basi la shule. Alidhani ananisaidia. Mbonile yuko darasa la tatu."

Huko nje mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha kwa utaratibu wake wa kila siku, isiyo na haraka wala huruma. Tusekile alinawa mikono, utomvu usitoke, akakaa kwenye kigoda, akamngoja ashuke ili macho yao yalingane. Alikwisha kujua kwamba atakubali. Alikuwa amelijua hilo kwa muda mrefu, na ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

*

Nchi nzima ilikuwa na vijana wa namna hii. Sekondari zilikata miguu ya madawati. Mabinti waliofikia umri wa kuposwa walinunuliwa viatu vya chekechea, na wavulana waliokuwa wakikokotoa hesabu ngumu walivushwa mito wakiwa mgongoni mwa watu. Waliitwa watoto wa bawabu. Hakuna aliyelitamka jina hilo kwa kejeli. Lilitamkwa kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja msiba wa nyumba ya pili.

Homa ya ghasia iliingia Ikupa akiwa na miaka mitano. Kirusi chenyewe kilikuwa dhaifu, na huenda kisingemuua mtu. Kilichoua ni mwili wa mgonjwa. Ngozi ya kila seli ina milango. Mjumbe wa kwenye damu akigonga mlango kwa nje, vimeng'enya viwili vilivyolala chini yake kwa ndani huamshana, na habari hukimbizwa hadi kwenye kiini cha seli, ambako jeni husomwa na amri hutolewa: vimba, ongezeka, pigana. Mwili una mabawabu wake wa asili, protini ndogo zinazotengenezwa amri ikishapokelewa. Huja, huvikalia vile vimeng'enya, huvinyamazisha. Kazi ikiisha, bawabu mwenyewe hupelekwa kwenye kinu cha seli akasagwa, na mlango hubaki tayari kwa mgeni mwingine. Katika homa ya ghasia mabawabu hao walichelewa. Kila seli ilipiga kelele za vita, jirani akasikia naye akapiga, na mapafu yakajaa maji katika vita ambavyo adui wake alikwisha kufa. Ndivyo alivyokufa Andongwisye, baba yake Ikupa, mtu aliyekuwa akibeba magunia mawili ya viazi kwa mara moja.

Ndipo ulimwengu ukatengeneza bawabu asiyechelewa na asiyesagika. Alibebwa na kirusi kilichofugwa, akaingizwa mwilini kwa sindano moja, na seli zikaanza kumtengeneza zenyewe bila kukoma. Vifo vilisimama. Tusekile, wakati huo mwanafunzi na mjane mpya, alipanga foleni na mtoto wake mgongoni kama watu wengine, akashukuru Mungu kwa sauti.

Kilichojulikana baadaye ni kwamba bawabu yule hakujua kusoma. Homoni ya ukuaji nayo hugonga milango ya jinsi ileile. Habari zake nazo hupita kwa vimeng'enya vya ukoo uleule. Bawabu hakuuliza barua inasema nini, kama ni ya vita au ya mifupa kurefuka. Alifunga tu. Watu wazima, waliokwisha kukua, hawakuona kitu. Watoto walisimama pale walipokuwa. Waliozaliwa baada ya hapo walikutana na kirusi wakiwa tumboni, miili yao ikakizoea bila msaada wa sindano, wakakua kama watoto wa zamani. Ndiyo maana katika nyumba nyingi mdogo mtu alimpita kaka yake, akaanza kumrithisha nguo zilizokwisha kumbana.

Tusekile alisomea kazi ya maabara na kumalizia ujana wake humo, akijaribu kutengeneza bawabu anayesoma. Kila aliyemtengeneza ama alifunga yote ama alifungua yote. Kilichopatikana mwishowe ni ufunguo wa Gwamaka, mkuu wa kituo: protini inayomshika bawabu na kumburuta kwenye kinu. Ulikuwa na kasoro mbili, na Gwamaka hakumficha mtu. Ulifanya kazi mara moja tu, kwa sababu baada ya hapo mwili huujua na kuukinga. Na aliyefunguliwa hakuweza kuishi na watu, kwa kuwa kila mtu mwenye bawabu alikuwa amebeba homa kifuani mwake bila kuumwa, akiipumua kila alipofungua kinywa. Hata mama mzazi.

*

"Nitakubali," Tusekile alisema siku hiyo jikoni.

Ikupa alishuka kwenye ndoo. Alifunika sufuria, akapunguza moto, akaja kusimama mbele ya mama yake.

"Kuna jambo moja nataka uniapie kwanza."

"Sema."

"Nikipata homa kule juu Kitulo, usimrudishe bawabu."

"Ikupa."

"Nisikilize mpaka mwisho, Mama. Akirudi mara ya pili hatatoka tena, wewe mwenyewe umenifundisha. Nitabaki pale nitakapokuwa nimefika, mpaka nife mzee. Mimi nimeshaishi kwenye chumba hiki, nimekimaliza. Sitaki kutoka, niione nyumba nzima, halafu nirudishwe nifungiwe kwenye chumba cha pili."

Tusekile alitazama mikono yake.

"Na nikikuomba mwenyewe," Ikupa alisema, "usinisikilize. Nimesoma habari za waliougua. Mwishoni wote wanaomba chochote kile. Atakayekuwa anaomba siyo mimi. Mimi ndiye huyu ninayesema na wewe sasa hivi, maharage yako motoni na akili zangu ninazo."

Ilikuwa sauti nyembamba ya mtoto, na maneno ya mtu mzima kuliko watu wazima wengi aliowahi kuwafahamu Tusekile. Aliapa. Aliapa kwa kaburi la Andongwisye, kwa kuwa Ikupa alisema kiapo kingine hakitaki.

*

Nyumba ya waliofunguliwa ilijengwa kwenye nyanda za juu za Kitulo, mbali na barabara, mahali ambapo ukungu hushuka asubuhi na kusahau kuondoka. Ndani waliishi vijana wawili, Ikupa na mwenzake aitwaye Anyosisye, mvulana mpole wa kutoka Busokelo aliyependa kuimba besi ingawa koo lake lilikuwa bado la kitoto. Chakula chao kilipitishwa kwenye tundu lenye mwanga wa kuua vijidudu. Wazazi walikaa upande wa pili wa kioo, wakiongea nao kwa simu.

Mwezi wa kwanza Ikupa alilia kwa maumivu ya miguu. Tusekile naye alilia, kwa sababu alijua maana ya maumivu yale: mifupa ilikuwa imesikia habari. Kisha meno ya utoto yalianza kung'oka. Ikupa aliyaweka moja moja kwenye kioo, akicheka na mapengo yake, binti wa miaka kumi na mitano.

"Mama, naona juu ya jokofu," alisema siku moja kwenye simu. "Kumbe kuna vumbi jingi hivi? Watu warefu mnaishije na uchafu huu?"

Kila wiki walileta viatu vipya. Anyosisye alianza kupata ile besi yake, ikija na kukatika, na Ikupa alimcheka hadi akakaa chini. Tusekile na Mama Anyosisye, mwanamke mnene aliyesuka mikeka akisubiri, walikaa bega kwa bega kwenye benchi la nje ya kioo wakiwatazama watoto wao kama watu wanaotazama mahindi baada ya mvua. Hawakuzungumza sana. Siku moja Mama Anyosisye alimwuliza kama na yeye aliapishwa.

"Niliapishwa," Tusekile alisema.

"Hata mimi. Walipanga pamoja, hawa." Akaendelea kusuka.

Ikupa alipofika begani kwa mama yake, kwa kipimo cha kuweka viganja kwenye kioo kutoka pande zote mbili, aliacha ghafla kuomba vitabu. Alikaa dirishani akitazama mashamba ya viazi upande wa bondeni, ambako watu walionekana wadogo kama mchwa. Tusekile alidhani anachoka. Hakujua kwamba mtu anayekua huhitaji kuonwa.

*

"Mama, usikasirike," Ikupa alisema kwenye simu asubuhi moja. Alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni. "Najua wameona kwenye vipimo. Nakwambia mwenyewe kabla Dokta Gwamaka hajakwambia."

Tusekile alikuwa bado hajavua koti la mvua. "Unaniambia nini?"

"Tulitoka. Jumamosi iliyopita. Tulifungua mlango wa nyuma, ule wa taka, tukashuka bondeni. Kulikuwa na harusi kwa wachimba viazi."

Upande wa pili wa chumba, kwenye kitanda chake, Anyosisye alikuwa akikohoa akiwa ameuelekea ukuta.

"Nilimshawishi mimi," Ikupa alisema. "Yeye hakutaka." Kisha uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Tusekile angeikumbuka kwa uchungu kuliko yote yaliyofuata. "Lakini Mama, ungeona. Walisema karibuni wageni. Tulipewa chakula kwenye sahani za watu wazima. Hakuna aliyeuliza mama yetu yuko wapi. Nilicheza. Mzee mmoja aliniambia, binti, sogea hapa ukae. Aliniita binti."

Tusekile aliweka kiganja kwenye kioo. Hakuweza kumkaripia. Alikuwa akihesabu kwa macho mapigo kwenye shingo ya mwanawe.

Gwamaka alikuja kwenye korido, mzee aliyepinda mgongo, miwani yake imefunikwa na ukungu. Alimvuta Tusekile pembeni. Hakuzungusha maneno. Wajumbe wa vita walikuwa wamejaa kwenye damu ya vijana wote wawili. Mabawabu wa asili walikuwa wakitengenezwa, lakini kwa kuchelewa, kama ilivyokuwa kwa wote. Sindano ya kumrudisha bawabu wa maabara ilikuwa tayari kwenye friji. Ingechukua muda kwa seli kumtengeneza, kwa hiyo ikitolewa itolewe kabla ya jioni, mapafu yakiwa bado yana nafasi. Baada ya hapo ingekuwa ni kumfungia mlango mtu aliyekwisha kuzama.

"Ameniapisha," Tusekile alisema.

"Najua. Alinieleza na mimi."

"Wewe ungefanya nini?"

Gwamaka alivua miwani akaifuta kwa shati, ikabaki vilevile. "Mwanangu, mimi nimetengeneza ufunguo. Sikutengeneza jibu. Nikikuamulia leo utanichukia kesho, na mimi naona ni heri unichukie, ila yeye hatakuwa ameamuliwa na mama yake. Siwezi kukuondolea hilo."

Tusekile alivaa mavazi ya kinga, ingawa hayakuwa na maana tena, akaingia.

*

Mchana kutwa alikaa kando ya kitanda. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika mwanawe tangu afunguliwe, na mkono aliokuwa ameushika hakuujua: vidole virefu, kifundo kipana, kucha zilizotafunwa. Alivua glavu moja. Ngozi ilikuwa ya moto kama chungu kilichotoka jikoni.

Kwa muda Ikupa alikuwa mwenyewe. Alizungumza juu ya bibi harusi, jinsi alivyoshindwa kuvua viatu vilivyombana. Aliuliza hali ya Anyosisye, aliyekuwa amehamishiwa chumba cha pili pamoja na mama yake. Kisha pumzi zikaanza kuwa fupi, na maneno yakawa yanatoka mawili mawili.

"Kiapo, Mama."

"Nakikumbuka."

"Vizuri."

Akalala. Mashine iliyokuwa juu ya kichwa chake ilionyesha namba zikishuka taratibu. Tusekile alijua kinachotokea ndani kama mtu anavyojua njia ya kwao. Alijua kila mlango uliokuwa ukigongwa, kila kimeng'enya kilichokuwa kikimwamsha mwenzake. Alijua kwamba habari zilezile zilizorefusha vidole hivi sasa zilikuwa zikijaza maji kifuani. Ujuzi huo wote ulikuwa wa bure. Haukumfaa zaidi ya ujuzi wa mama yeyote aliyekaa kando ya kitanda tangu dunia iumbwe.

Ikupa alipofungua macho tena yalikuwa makubwa na hayakuwa yakitazama kitu.

"Mama."

"Nipo."

"Mrudishe."

Tusekile hakusogea.

"Mama, mrudishe. Nazama. Sitaki tena. Mrudishe." Mkono ulimshika kifuani, ukavuta vazi la kinga mpaka likachanika. "Mama, naomba. Nitakaa mdogo. Nitakaa mdogo tu, sitasema kitu. Naomba, Mama."

Aliambiwa asimsikilize huyu. Aliambiwa na binti mwenye akili zake, maharage yakiwa motoni. Tusekile alijaribu. Alifumba macho akamtafuta yule wa jikoni, akalishika neno lake, akalisema moyoni kama sala. Lakini yule wa jikoni alikuwa mbali, na aliyemshika kifuani alikuwa hapa, na alikuwa akiogopa. Kama huyu siyo Ikupa, Tusekile alijiuliza, basi mtoto huyu ni wa nani, na mama yake yuko wapi, na kwa nini analiita jina langu?

Alikwenda kwenye friji. Alitoa ile sindano iliyokuwa tayari. Alichoma sindano kwenye paja refu, jipya, la binti yake, akabonyeza hadi mwisho.

*

Anyosisye alikufa siku ya pili, asubuhi, ukungu ukiwa umekaa dirishani. Bawabu wake alibaki kwenye friji.

Tusekile alimkuta Mama Anyosisye kwenye benchi la nje ya kioo, mahali pao pa siku zote. Upande wa ndani, chumba cha pili kilikuwa kitupu. Mama yule alikuwa akikunja nguo za mwanawe, kubwa na ndogo, zote za mwaka mmoja. Tusekile alikaa. Hakujua kama ana haki ya kutoa pole.

"Pole, mama."

"Ahsante. Wako anaendeleaje?"

"Anapumua."

"Ashukuriwe Mungu." Alisema bila kinyongo, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulipokea. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Mama Ikupa, naomba nikuulize. Wako alikuomba?"

"Aliniomba."

"Hata wangu." Mwanamke yule alitazama kioo. "Aliomba kwa ile besi yake. Sauti ilikuwa imeshatulia, unajua, siku zile za mwisho. Aliniomba kama mwanamume. Nikamwambia, baba, tulikubaliana. Akasema, mama, sahau tulivyokubaliana. Mimi nikashika kiapo." Aliweka shati juu ya mengine. "Wanakijiji watasema nilikuwa na imani. Mchungaji ameshasema. Mimi ninachosikia ni ile sauti tu."

Tusekile alimshika mkono. Walikaa hivyo, mmoja aliyetimiza na mmoja aliyevunja, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kumpa mwenzake.

*

Ikupa alipona. Bawabu alifanya kazi yake kwa uaminifu, kama alivyofanya mara ya kwanza. Ghasia ilitulia kifuani, maji yakakauka, na maumivu ya miguu yakaisha. Alikuwa na urefu wa mtoto wa miaka kumi. Kioo hakikuhitajika tena. Alikaa barazani akiwa amejifunga shuka, na Tusekile alimletea uji, akauweka kando yake, akangoja.

Hakumwambia habari za Anyosisye. Tayari Ikupa alikwisha kuambiwa na ukimya wa chumba cha pili.

"Nilimtoa mimi," Ikupa alisema, siku aliyoamua kusema. "Na mama yake alitimiza."

"Alitimiza."

"Wewe hukutimiza."

"Sikutimiza."

Ikupa alitazama miguu yake. Ilikuwa imefika sakafuni, lakini kwa ncha za vidole tu. "Kuna kitu kimoja nataka kujua. Sikumbuki chochote baada ya kukuuliza habari za Anyosisye. Nimejaribu. Nakumbuka viatu vya bibi harusi, halafu basi." Aliinua macho. "Niliomba?"

Tusekile alikuwa amelingoja swali hilo, na alikuwa amejiandalia jibu la kweli. Jibu la kweli lingemponya yeye mwenyewe. Lingemwondolea nusu ya mzigo, pengine zaidi. Angesema, uliomba, mwanangu, ulinichania vazi, ulisema utakaa mdogo na hutasema kitu. Na binti huyu, aliyenyang'anywa mifupa yake mara mbili, angejua kwamba mara ya pili aliitoa mwenyewe. Angejua kwamba Anyosisye alikufa kwa kumfuata, na yeye mwenyewe hakuweza kumfuata Anyosisye. Kilichombakia kilikuwa kimoja tu, kwamba alikuwa na neno lake.

"Hukuomba," Tusekile alisema.

Ikupa alishusha pumzi. Mabega yake yalilegea kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, na mama yake aliliona hilo na kujua kwamba ndilo jambo la mwisho jema atakalomfanyia.

"Nilijua," Ikupa alisema. "Kwa hiyo ni wewe tu."

"Ni mimi tu."

"Uliniona nimenyamaza, nimeshika neno langu, ukanichoma."

"Ndiyo."

Ikupa alitikisa kichwa taratibu, akauchukua uji, akaunywa wote bila kumtazama. Kisha aliomba apigiwe simu shangazi yake wa Makambako.

Shangazi alikuja kwa gari la kuazima wiki iliyofuata. Alimbusu Tusekile, akalia, akauliza maswali ambayo hayakujibika. Ikupa alipanda mwenyewe kiti cha nyuma. Shangazi alipoinama kumfunga mkanda kama mtoto, Ikupa alimwacha amfunge. Aliaga kwa adabu, ahsante na kwaheri, kama anavyoagwa mtu mliyekaa naye msibani. Gari liliingia kwenye ukungu kabla halijafika kwenye kona.

*

Kituo kilifunga jaribio lile. Vyumba vilioshwa, vitanda vikapelekwa zahanati ya jirani. Tusekile aliendelea kwenda maabara ya Tukuyu kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Siku moja Gwamaka alimkuta mbele ya kabati la joto, ameshika chupa bapa yenye maji ya rangi ya waridi. Chini ya maji hayo kulikuwa na utando mwembamba ambao jicho tupu liliuona kama ukungu kwenye kioo. Zilikuwa seli. Zilichukuliwa kwenye ngozi ya Ikupa asubuhi ile ya vipimo, kabla ya sindano.

"Hizo zilipaswa kuteketezwa pamoja na nyingine," Gwamaka alisema kwa upole.

"Najua, Dokta."

"Hazina bawabu."

"Hazina."

Mzee alisogea, akainama kwenye hadubini ambako Tusekile alikuwa ameacha chupa nyingine, akatazama kwa muda mrefu. Seli zilikuwa zimejaa chupa ukuta hadi ukuta, zikigusana, nyingine zimeanza kupandana. Kila moja ilikuwa ikisikia kila habari iliyofika mlangoni kwake, ikitii.

"Zimejaa," alisema. "Zisipogawanywa zitakufa. Unazikuza kwa ajili ya nini, Tusekile? Jaribio hakuna."

Tusekile alivaa glavu. Alimwaga maji ya zamani, akaziosha seli, akaweka dawa ya kuzibandua, akangoja hadi zilipolegea na kuelea. Kisha akachukua chupa mpya, mbili, akaandika jina la mwanawe kwenye kila moja, akazigawa nusu kwa nusu, ili zipate nafasi.